Kabati, Ubao na Mtepe: Kukumbuka kwa Mikono

Wenzo wa mashine ya 720° haurudi katikati. Katika mashine nyingi za michezo ya video, ukiuachia wenzo, springi huusimamisha wima ukangoja mkono mwingine. Huu umefungwa pembezoni mwa duara, na kazi yake ni kuzunguka tu, kama mwiko unaofuata ukingo wa sufuria mpishi anapokoroga uji. Ukiuzungusha polepole, kijana aliye kwenye skrini anageuka polepole juu ya ubao wake wa magurudumu. Ukiuzungusha kwa kasi akiwa hewani, mwili wake wote unazunguka, mara moja, mara mbili. Mizunguko miwili kamili ni nyuzi 720, na hapo ndipo mchezo ulipopata jina lake.

Mashine hiyo ilitoka mwaka 1986 katika kampuni ya Atari Games, huko Milpitas, California. Wabunifu wake, John Salwitz na Dave Ralston, walikuwa wametoka kutengeneza Paperboy, mchezo wa kijana anayegawa magazeti, ambao mchezaji aliuendesha kwa kushika usukani wa baiskeli. Kazi zao zinasema kwamba kila mchezo unadai kishikio chake. Juu ya kabati la 720° waliweka umbo la redio kaseti kubwa, ile ambayo vijana wa miaka hiyo waliibeba begani, na spika zake zilipiga muziki kweli. Mchezaji anazurura katika mji wa Skate City, anakusanya alama, anapata tiketi za kuingia viwanja vinne vya mashindano, na kwa fedha za ushindi anajinunulia viatu, kofia na ubao bora. Akichelewa mitaani, sauti inamwambia ateleze au afe, na kundi la nyuki linaanza kumfukuza. Nyuki hao huongeza mwendo kadiri muda unavyokwenda. Asiyewahi kuingia uwanjani hunaswa.

Wamarekani waliokuwa na miaka kumi na minne wakati huo sasa wamevuka hamsini. Sisi Waswahili tuna neno kwa nyimbo zinazorudisha watu wazima ujanani: zilipendwa. Wamarekani hao nao wana zilipendwa zao, ila zao zina uzito wa kabati la nguo. Wanaitafuta mashine ya 720° katika maghala na magereji, wanailipia, wanaibeba, kisha wanakaa nayo miezi mingi wakiifufua. Swali langu katika uhakiki huu ni moja: mtu akikarabati kitu cha namna hii, anaokoa nini hasa? Ili kulijibu naiweka 720° ya California kando ya mashine ya Kijapani ya Top Skater, kisha nazipima zote mbili kwa chombo cha pwani yetu, mtepe wa visiwa vya Lamu. Vitu hivi havifanani kwa sura wala umri. Vinakutana mahali pamoja: kila kimoja kilijulikana kwa mwili kabla ya kujulikana kwa macho.

Tuanze na ubao wenyewe. Ulizaliwa California, kwa watu wa kuteleza juu ya mawimbi, ambao siku bahari ikilala walitafuta wimbi la lami. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 magurudumu ya poliyurethani yalichukua nafasi ya yale magumu ya udongo, na ubao ukaanza kushika kona bila kuteleza vibaya. Ukame wa mwaka 1976 na 1977 uliacha mabwawa ya kuogelea yakiwa makavu nyuma ya nyumba za watu, na vijana wakaruka ua kwenda kuteleza kwenye kuta zake za mviringo. Huko walijifunza kupanda, kuachia ukingo na kugeuka hewani. Mwaka 1985 Tony Hawk alitua salama baada ya mizunguko miwili kamili. Mashine ya Atari ilipotoka mwaka uliofuata, ilikuwa inampa mtoto asiye na bwawa wala ubao nafasi ya kuonja kitu ambacho duniani karibu hakuna aliyekiweza.

Wabunifu walimpaje? Hapa ndipo mila mbili za ufundi zinapoachana. Wamarekani wa Atari waliuweka mzunguko mkononi. Mchezaji anasimama wima, miguu haina kazi, lakini kifundo cha mkono kinafanya kile ambacho mabega na kiuno cha mtelezaji hufanya. Ni istiara safi: mwendo wa mwili mzima umekunjwa ukaingia katika kiganja. Anayeijua mashine hii vizuri humtambui kwa macho yake. Mtazame mkono, unavyokwenda duara bila kukatika, na unavyotulia ghafla sekunde ile ambayo ubao unagusa ardhi, kwa sababu akichelewa hata kidogo kijana anaanguka.

Wajapani walijibu kwa njia nyingine. Tangu mwaka 1985, Yu Suzuki wa Sega alipotengeneza Hang-On, mchezo wa mbio ambao mchezaji anapanda umbo la pikipiki na kuliinamisha kwa uzito wake, nchini Japani kulikuwa na aina nzima ya mashine zilizoitwa taikan, yaani za kuhisi kwa mwili. Top Skater ya mwaka 1997, iliyoongozwa na Kenji Kanno, ni mtoto wa ukoo huo. Mbele ya skrini kubwa kuna ubao halisi wa kusimamia, wenye vyuma vya kushika pembeni. Ukiuinamisha, kijana wa kwenye skrini anakata kona. Ukiukanyaga kwa nyuma wakati unaofaa, anaruka. Muziki ni wa bendi ya Pennywise ya California, kwa hiyo mtoto wa Tokyo alisimama juu ya ubao wa Kijapani akiteleza kwa mdundo wa ufukwe wa Marekani. Hakuna istiara hapa. Mguu unafanya kazi ya mguu, na mchezaji anashuka akiwa na jasho.

Ukizilinganisha kwa ukaribu wa uhalisia, Top Skater inashinda. Ukizilinganisha kwa kina cha ustadi, naupa ushindi mkono wa Atari. Ubao wa Sega unamfurahisha anayepanda mara ya kwanza. Wenzo wa Atari unamkataa mara ya kwanza, ya pili na ya kumi, kisha siku moja unamkubali, na akikubaliwa hasahau. Mwili hauombolezi kitu ulichokipata bure. Ndiyo maana naona hamu ya 720° ina uchungu zaidi kuliko hamu ya mashine nyingi zilizokuwa maarufu kuliko yenyewe.

Sasa tuingie kwa fundi. Anafungua mlango wa nyuma wa kabati na kukuta vumbi la miaka thelathini. Kwanza anaishusha nguvu ya umeme iliyobaki ndani ya skrini, kwa sababu ni skrini ya chogo, na chogo hutunza umeme wa kumrusha mtu hata baada ya kuchomolewa ukutani. Kisha anabadilisha kapasita moja baada ya nyingine, akilehemu mpya mahali pa zile zilizokauka, hadi picha iliyokuwa ikiyumba inakaa. Skrini yenyewe ina tabu yake: 720° ilitumia skrini yenye mistari mingi kuliko mashine za kawaida za wakati huo, kwa hiyo huwezi kuchukua yoyote ukaipachika. Mbao za chini zimevimba kwa maji ya deki. Anakata sehemu iliyooza, anaunga kipande kipya, anapaka pati, anapiga msasa. Ubavuni michoro imechunika, naye anachagua kati ya kuacha makovu au kubandika mchoro mpya uliochapishwa kwa kuiga wa zamani.

Yote hayo yanafanyika kwa subira na fedha. Wenzo ndio unaomkosesha usingizi. Ndani yake kuna diski yenye matundu inayozunguka kati ya taa ndogo na jicho la kielektroniki. Mwanga unapopita na kukatika, mashine inahesabu pembe. Diski ikichafuka, beringi ikilegea au mhimili ukipinda, kijana anageuka kwa kusitasita, na mchezo wote unakufa ilhali picha ni safi na sauti ni tamu. Kampuni iliyoutengeneza wenzo huo ilifunga milango mwaka 2003, ikiwa imeshabadilishwa jina. Asiyepata wa kuazima hana budi kuchonga vipuri mwenyewe.

Msomaji anaweza kuuliza: kwa nini taabu hii, wakati mchezo umehifadhiwa tayari? Ni kweli. Tangu mwaka 1997 kuna programu ya MAME, inayoiga mashine za zamani ndani ya kompyuta, na 720° imo. Mwaka 2003 mchezo huo uliuzwa pia ndani ya mkusanyo wa Midway kwa ajili ya mashine za nyumbani. Kila nyuki yupo, kila mtaa upo. Lakini kijiti cha kidole gumba, kinachorudi katikati kila kikiachiwa, hakijui mzunguko ule. Mwenye kumbukumbu ya mwaka 1986 akikishika, anaujua mji na mji haumjui. Msimbo umeokoka, mkono umebaki nje.

Hapo ndipo ninapouleta mtepe. Wazee wa Lamu, Pate na Faza walikuwa na chombo kisicho na msumari hata mmoja. Mbao zilitobolewa, zikashonwa kwa kamba za makumbi ya nazi, na tanga lilikuwa mkeka. Kilibeba boriti za mikoko na bidhaa nyingine za pwani. Kamba za makumbi huchoka, kwa hiyo chombo cha kushona lazima kishonwe tena baada ya muda, na fundi aliyekishona upya hakuhesabiwa kuwa anaokoa maiti. Ukarabati ulikuwa sehemu ya maisha ya mtepe, kama kula. Kufikia miaka ya 1930 mitepe ilikuwa imetoweka baharini. Ikabaki mifano midogo, kama ile ya makumbusho ya Lamu, na maandishi ya watafiti kama James Hornell. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, mtepe wa ukubwa kamili ulijengwa Zanzibar na kuwekwa ndani ya jumba la Beit-el-Ajaib. Ni kazi ya kupongezwa. Lakini waliojenga walilazimika kuuliza mifano na maandishi maswali ambayo zamani angeyajibu mzee mmoja aliyeketi kivulini na sindano yake.

Mtepe unatupa kipimo kilichokosekana. Badilisha ubao wake uliooza, bado ni mtepe. Badilisha kamba zote, bado ni mtepe, tena ndivyo ulivyotakiwa kufanywa. Upige misumari, na hata mbao zote zikiwa za asili, umepata chombo kingine. Kila kitu kina sehemu ambayo ikibadilishwa tabia, jina halishiki tena. Kwa mtepe ni mshono. Kwa Top Skater ni ubao unaoinama chini ya uzito wa mtu. Kwa 720° ni wenzo usiorudi katikati. Kwa kipimo hicho, ugomvi wa wakusanyaji kuhusu rangi ya asili na michoro ya asili naona ni wa pembeni. Fundi anayepaka rangi mpya na kuutengeneza wenzo sawasawa ameokoa mchezo. Anayehifadhi kila mkwaruzo wa kabati huku wenzo umekufa amehifadhi samani.

Wapo watakaosema mtepe ni urithi na mashine ya sarafu ni biashara, na kuviweka pamoja ni kukosa heshima. Siafiki. Mtepe nao ulikuwa wa biashara. Haukushonwa ili ukae makumbusho, ulishonwa ili boriti zifike zilipouzwa. Nyuki wa Skate City waliwekwa ili mtoto atoe sarafu nyingine, na nahodha naye alihesabu nauli. Kitu huwa urithi pale watu wanapoweka ndani yake ustadi walioupata kwa jasho, na wakahofia kwamba ustadi huo utaondoka nao.

Ndiyo sababu nazipenda kumbi kama Funspot ya Laconia, New Hampshire, yenye makumbusho ya mashine za zamani ambamo mgeni anaruhusiwa kutia sarafu na kucheza. Mashine inayochezwa inachakaa, na inayochakaa inamdai fundi, na fundi anayedaiwa anafundisha mwanafunzi. Iliyofungiwa nyuma ya kioo inadumu kuliko mkono unaoijua.

Nasi tunahusika katika jambo hili kuliko tunavyodhani. Ustadi ambao wakarabati wa Marekani wanauhangaikia, wa kufufua skrini ya chogo kwa pasi ya kulehemu na kapasita chache, ulijaa katika vibanda vya mafundi wa televisheni wa miji yetu. Mafundi hao wengi sasa wanatengeneza simu, na walio wazee wanafunga vibanda. Tulisubiri hadi mshona mtepe akaondoka, ndipo tukatafuta picha zake. Ukimjua fundi mmoja wa chogo mtaani kwako, kaa naye mchana mmoja, umtazame mikono, na umwombe akuachie ushike pasi.