Harar: Dola Iliyohamia Barazani

Wenyewe hawauiti Harar. Wanauita Gey, yaani Mji, basi. Lugha yao ni Gey Sinan, lugha ya Mji, na wao ni Gey Usu', watu wa Mji. Mtu wa Unguja anayeaga kwamba anakwenda mjini, bila kutaja ni mji gani, ataelewa haraka majivuno yaliyomo katika neno hilo. Tofauti ni kwamba kwa watu wa Gey neno hilo lilikuwa la siasa pia. Kwa zaidi ya miaka 200 mji ulikuwa ndiyo nchi: ulikuwa na amiri wake, sarafu zake na sheria zake, na mpaka wake mtu aliweza kuugusa kwa kiganja, kwa sababu ulikuwa ukuta.

Ukuta huo, Jugol, ungali umesimama mashariki mwa Ethiopia, mita 1,885 hivi juu ya usawa wa bahari. Una urefu wa kilomita tatu na nusu, na unazunguka hekta 48 za vichochoro. Malango ya zamani ni matano, na wenyeji watakwambia kwamba hiyo ni hesabu ya nguzo za Uislamu. Ndani mna misikiti 82 na maziara zaidi ya 100 ya mawalii. Ukigawa hesabu hiyo kwa eneo lenyewe utaona kwamba huwezi kutoka kununua chumvi bila kupita penye kaburi la mja mwema.

Masimulizi ya mji yanaanzia kwa mawalii hao. Wanasema Sheikh Abadir alikuja kutoka Arabuni akiwa na wenzake, wote jumla 44, wakaikuta nchi haina utaratibu wakaupanga mji. Historia iliyoandikwa inashika kasi mwaka 1520, pale Sultani Abubakar alipohamishia Harar makao ya dola ya Adal. Muda si mrefu akatokea Imam Ahmad bin Ibrahim, ambaye Wahabeshi walimbandika jina la Gragn, yaani mwenye shoto. Mwaka 1529 alilivunja jeshi la mfalme wa Ethiopia kule Shimbra Kure, na kwa miaka 14 nusura aimalize dola yote ya Kikristo. Aliuawa vitani mwaka 1543. Mjane wake, Bati Del Wambara, akaolewa na Amiri Nur bin Mujahid, na Nur ndiye aliyelipa kisasi: mwaka 1559 alimuua Mfalme Galawdewos, na kichwa chake kikaletwa Harar.

Lakini wajukuu hawamkumbuki sana Nur kwa kichwa hicho. Wanamkumbuka kwa ukuta. Ndiye anayetajwa kuwa aliuinua, kwa sababu mji uliokwisha kutia hofu majirani zake ulianza wenyewe kuhofu. Nafikiri hapo ndipo Harar ilipoacha kuwa makao ya jeshi ikawa mji hasa. Mwaka 1577 watawala wa Adal wakahamia Aussa, jangwani, na mwaka 1647 Ali bin Daud akauweka mji chini ya ukoo wake mwenyewe, ukawa dola ndogo inayojitegemea.

Dola hiyo iliishi kwa kahawa, kwa misafara ya kwenda bandari za Zeila na Berbera, na kwa kuwa mwangalifu mno. Jioni malango yalifungwa na funguo zikapelekwa kwa amiri. Mgeni aliacha silaha zake langoni. Asiye Mwislamu hakuingia kabisa, kwani kulikuwa na utabiri kwamba siku Mkristo atakapokanyaga ndani, mji utaanza kuanguka.

Mtu wa kwanza wa Ulaya kuingia na kuandika habari zake alikuwa Mwingereza Richard Burton, tarehe 3 Januari 1855. Alisafiri kwa jina la Haji Abdullah, akavua sura hiyo alipokaribia lango, akaingia kama Mwingereza mwenye barua ya kughushi mkononi. Alikaa siku kumi, kila siku akijiuliza kama ataruhusiwa kutoka. Ndiye huyo huyo ambaye miaka miwili baadaye aliondoka Zanzibar kuelekea Kazeh, yaani Tabora ya leo, na Ujiji. Burton aliandika kwamba watu wa Harar walikatazwa kusafiri ovyo, isije elimu ya kulima kahawa ikasahaulika. Kama ni kweli, basi ni sheria ya mji unaojua hasa unaishi kwa nini.

Miaka 20 baada ya Burton, Wamisri waliingia. Rauf Pasha aliuteka mji Oktoba 1875, na amiri akauawa. Wamisri walikaa miaka kumi, wakajenga, wakatoza kodi, wakafungua milango kwa wafanyabiashara wa Ulaya. Mmoja wao alikuwa kijana Mfaransa, Arthur Rimbaud, mshairi aliyekwisha kuacha mashairi, aliyefika mwishoni mwa 1880 kununua kahawa na ngozi. Leo watalii huoneshwa nyumba nzuri ya mbao inayobeba jina lake. Nyumba hiyo ilijengwa baadaye na mfanyabiashara wa Kihindi, na Rimbaud hakuwahi kulala humo.

Wamisri walipoondoka mwaka 1885, ukoo wa zamani ulirudi madarakani kwa mkono wa Amiri Abdullahi. Alirudi wakati mbaya. Menelik, mfalme wa Shewa, alikuwa ananunua bunduki kwa wingi na kutafuta njia ya kufika baharini, na njia hiyo ilipita Harar. Januari 1887, siku ya Krismasi ya Wahabeshi, amiri alilishambulia jeshi la Menelik kule Chelenqo, magharibi mwa mji, akitumaini kuwakuta wako katika sikukuu. Hawakuwa wamelala. Vita vilikwisha kwa dakika, si kwa saa. Rimbaud naye alikuwa njiani na msafara wa bunduki za kumuuzia Menelik, akafika Shewa akaambiwa mteja hayupo, amekwenda kuiteka Harar.

Kilichochukuliwa kinahesabika. Uamiri ulikoma. Utawala ulipewa Ras Makonnen, ambaye mwanawe Tafari, aliyezaliwa jirani na mji mwaka 1892, ndiye Mfalme Haile Selassie wa baadaye. Katikati ya mji, penye uwanja wa Faras Magala, msikiti uliojengwa na Wamisri ulipisha kanisa la Medhane Alem. Lango jipya likatobolewa ukutani, la sita. Kisha mwaka 1902 reli ya kutoka Djibouti ikafika chini ya milima, ukazaliwa mji wa Dire Dawa, na biashara ikateremka huko. Ukiniuliza, reli ile iliiumiza Harar kuliko bunduki za Chelenqo.

Kisichochukuliwa kilikuwa ndani ya nyumba. Nyumba ya Gey, gey gar, kwa nje ni ukuta na mlango tu. Ukiingia unakuta ukumbi uliojaa majukwaa ya udongo ya kukalia, yanayoitwa nadaba, kila moja kwa kimo chake na kwa watu wake. Lipo kubwa la wageni, lipo dogo, lipo la nyuma ya mlango, na lipo liitwalo amir nadaba, kiti cha amiri, anapoketi mkuu wa nyumba na kumwona kila anayeingia. Mtu wa Lamu atasema hii ni baraza iliyoingizwa ndani, na akitazama vidaka vilivyochongwa ukutani kwa ajili ya vitabu na vyombo atajiona yuko kwao.

Ajabu iko hapa: uamiri umefutwa zaidi ya miaka 130, lakini kiti cha amiri kingali katika kila nyumba ya asili, na kingali na mwenyewe. Kuta zimejaa vikapu vilivyosukwa na wanawake wa nyumba, kila kimoja kwa kazi yake. Mazulia yaliyokunjwa juu ya mlango humwambia mgeni kwamba humo mna binti wa kuposwa. Pembeni kuna kirtat, chumba kidogo cha maarusi, ambamo mume na mke hukaa fungate yao. Na majukwaa yote hupakwa udongo mwekundu. Wazee wanasema rangi hiyo ni damu ya Chelenqo.

Nje ya nyumba kazi ya serikali iliangukia afocha, vyama vya ujirani vya kuzikana na kuozana, vya wanaume mbali na vya wanawake mbali. Mwaka 1948 Waharari walipojaribu kudai zaidi ya hapo, katika harakati iliyoitwa Kulub, wengi walifungwa na mali zikachukuliwa, na familia nyingi zikahamia Addis Ababa. Afocha walihama nazo. Katiba ya mwaka 1995 ilirudisha jina, na Harari leo ni jimbo dogo kuliko yote ya Ethiopia. Mwaka 2023 UNESCO iliandikisha Shuwalid, sherehe ya kumaliza funga ya siku sita za mfunguo mosi, ambayo watu wa Gey walioko ughaibuni hurudi kwa ajili yake.

Karibu na Faras Magala kuna kichochoro cha mafundi cherehani kiitwacho Makina Girgir, kwa mlio wa mashine zao. Mchana mlio huo ndio unaotawala. Usiku hupita wakazi wengine. Waliojenga ukuta waliacha matundu chini yake, waraba nudul, matundu ya fisi, ili wanyama hao waingie kula taka na watoke kabla ya alfajiri. Kwetu fisi ni mlafi wa hadithi anayechekwa. Huko, usiku wa kuamkia Ashura, hupikiwa uji wenye samli na kuwekewa nje ya mji, na watu husimama kimya kumtazama. Akila zaidi ya nusu, mwaka utakuwa mwema.