Jicotea: Kobe Aliyevuka Bahari kwa Ulimi

Nchini Kuba yuko kobe wa mitoni na vinamasini aitwaye jicotea. Ni mnyonge wa mwili na mzito wa mwendo; lakini katika ngano za Wakuba wenye asili ya Afrika ndiye bingwa wa hila, awashindaye wenye nguvu kwa akili na maneno.

Jina lenyewe ni historia. Jicotea ni neno linalonasibishwa na Wataino, wenyeji wa kisiwa kabla ya Wahispania. Ngano zake, hata hivyo, zina mizizi ng'ambo ya Atlantiki. Wayoruba waliopelekwa Kuba utumwani walikuwa na kobe wao mjanja, Àjàpá. Katika Kilukumi, lugha ya ibada iliyochipuka huko kutokana na Kiyoruba, akaitwa ayapá. Kisa cha Afrika kikavaa gamba la kobe wa Kuba.

Utumwa ulikomeshwa kisiwani mwaka 1886. Waliozihifadhi ngano hizo hawakuwa na daftari ila kumbukumbu. Lydia Cabrera, aliyezaliwa Havana mwaka 1899, alizisikia kwa wazee weusi, akazisuka upya kwa kalamu yake. Kitabu chake cha kwanza cha ngano kilitoka Paris mwaka 1936, kwa Kifaransa. Cha Kihispania kikafuata Havana mwaka 1940. Aliondoka Kuba mwaka 1960, na mwaka 1971, akiwa uhamishoni Miami, akachapisha *Ayapá: cuentos de Jicotea*, kitabu kizima cha kobe huyo.

Sarufi nayo yasimulia. Katika Kihispania, jicotea ni nomino ya kike. Hata hivyo, ngano moja ya Cabrera yaitwa "Taita Hicotea y Taita Tigre", na Taita ni jina la kumheshimu mwanamume mzee. Kiyoruba, kama Kiswahili, hakibagui mume na mke katika viwakilishi. Kobe aliyetoka katika lugha isiyouliza jinsia aliingia katika lugha inayoidai, akabaki na jina la kike na heshima ya kiume.

Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Kalamu ya Cabrera iliiokoa mali hiyo. Lakini jalada lilibeba jina moja, ilhali masimulizi yalitoka vinywa vingi. Basi nasi tukusanyao ngano, tusiandike kisa pekee; tuandike pia ni nani alitusimulia, na kwa lahaja gani.