Wingu la Bahari, Mvua ya Mlima

Sisi wa visiwani tumezoea kuuhesabu mwaka kwa pepo. Kaskazi ilipovuma, majahazi ya Uarabuni yalishuka. Kusi ilipoingia, yakarejea. Baina ya kaskazi na kusi ikawa masika, na kusi ilipolegea ikafuata vuli. Malenga wetu waliyataja majina hayo pasina kuyafafanua, kwani kila msikilizaji aliyajua. Lakini ni wachache wetu waliojiuliza wingu la bahari likishatupita huelekea wapi.

Huelekea mlimani. Nyuma ya mji wa Morogoro, yapata kilomita 200 magharibi ya Dar es Salaam, imesimama safu ya Uluguru, ambayo kilele chake kirefu, Kimhandu, kinapita mita 2,600. Upepo wa bahari ukifika hapo hupanda, hupoa na kuutua mzigo wake. Ndiyo sababu miteremko ya mashariki hunyeshewa zaidi kuliko ya magharibi. Na mto Ruvu, uzaliwao katika milima hiyo, huyarudisha maji baharini karibu na Bagamoyo.

Wazee waliutambua uhusiano huu kabla ya vipimo vya mvua. Wazaramo wa karibu na pwani walisafiri hadi Kolelo, penye mahali patakatifu pa Uluguru, kuomba mvua. Huko Kinole nako, wakuu wenye jina la Kingalu, waliorithiana kwa ujomba kama ilivyo desturi ya Waluguru, walisifika kwa elimu ya mvua. Aliyeaminiwa kuwa na mvua ndiye aliyesikilizwa.

Waingereza walikuja na elimu nyingine. Katika miaka ya 1950 walianzisha mpango wa kuhifadhi udongo wa Uluguru, wakawalazimisha wakulima kuchimba matuta ya ngazi milimani. Udongo wenye rutuba huko ni mwembamba. Kuuchimba kulifukua udongo mkavu wa chini, na kazi yenyewe ilikuwa nzito. Mwezi wa Julai 1955 watu wa Matombo walikataa. Polisi walifyatua risasi, mtu mmoja akauawa, na baadaye mpango huo ukaachwa.

Mpango uliachwa, ila mteremko ulibaki. Februari 23, 1970, huko Mgeta, upande wa magharibi usiopata mvua nyingi, ilinyesha kiasi cha milimita 100 kwa muda usiotimia saa tatu. Ardhi iliporomoka mahali zaidi ya 1,000. Watafiti wa Vyuo Vikuu vya Dar es Salaam na Uppsala walipoyachunguza maporomoko hayo, waliona kwamba takriban yote yalianzia mashambani na penye nyasi. Yaliyoanzia msituni hayakufika moja kwa mia. Mvua ilikuwa ile ile. Penye mizizi mirefu, udongo ulishikwa.

Fundisho hilo lina uzito zaidi leo, kwa kuwa mvua yenyewe inabadilika. Babu zetu walikijua kimbunga kama msiba wa nadra. Kile cha Aprili 1872 kiling'oa mikarafuu ya Unguja, na Pemba iliyosalimika ikawa kisiwa cha karafuu. Kile cha Aprili 1952 kiliipiga Lindi. Lakini Aprili 2019 Kenneth kilitua Msumbiji, karibu na mpaka wetu. Aprili 2021 Jobo kilikuja hadi karibu na pwani kikafifia. Na Mei 4, 2024 Hidaya kikatua Mafia. Vimbunga vitatu havitoshi kuwa ushahidi. Ushahidi ulio mzito zaidi ni bahari: upande wa magharibi wa Bahari ya Hindi umeongezeka joto kwa zaidi ya digrii moja katika muda wa karne moja, na kila digrii moja huiwezesha hewa kubeba mvuke zaidi kwa kiasi cha asilimia 7. Wingu linalotupita sasa lina mzigo mkubwa kuliko wa zamani.

Na haliji kwa wakati. Tangu miaka ya 1980, kwa muda mrefu, masika ya Afrika Mashariki yalielekea kuchelewa kuanza na kuwahi kukoma. Kisha ikaja miaka kama 2018, 2020 na 2024 yakashuka kwa ghadhabu. Mwishoni mwa 2022 Ruvu ilipungua hata Dar es Salaam ikapewa maji kwa mgawo. Aprili 2024 Waziri Mkuu alilitangazia Bunge kwamba mvua na mafuriko yalikuwa yamewaua watu 155 nchini. Kiu na gharika zimepishana kwa mwaka mmoja na miezi michache tu.

Mkulima wa Matombo hawezi kuipoza bahari, wala mvuvi wa Mafia hawezi kuupanda mlima msitu. Lakini msitu wa Uluguru ukihifadhiwa, mvua kali hukuta mizizi, na Ruvu hupata maji wakati wa kiangazi. Jambo hilo tunaliweza, na si haki kumwachia Mluguru peke yake gharama yake, ilhali maji yake yanywewa pwani. Tukilipuuza, malenga atakayetaja masika kesho itambidi kwanza aeleze masika ni kitu gani.