Uongozi wa afya ya jamii Zanzibar: Unajifunzwa wapi?

Kila malaria inapopungua Zanzibar, swali moja hubaki pale pale: nani ataendelea na kazi siku wafadhili wakiondoka? Swali hilo si la mzaha. Visiwa hivi vimeshawahi kuumia.

Somo la 1968

Mwishoni mwa miaka ya 1950, Shirika la Afya Duniani (WHO) na serikali walianza kampeni ya kutokomeza malaria kwa kupuliza dawa majumbani. Ugonjwa ukashuka sana. Mwaka 1968 kampeni ikasitishwa, malaria ikarudi. Mpango mwingine wa miaka ya 1980 nao ukaishia hivyo hivyo.

Awamu ya sasa ilianza 2003 kwa dawa mseto, kisha vyandarua na upuliziaji. Maambukizi yakashuka hadi chini ya asilimia 1. Safari hii, kinachotakiwa kubaki si dawa tu, ni watu wenye uwezo wa kuongoza.

Kiongozi ni nani?

Si waziri na wakurugenzi peke yao. Katika Mpango wa Kutokomeza Malaria Zanzibar (ZAMEP), kuna maofisa wa ufuatiliaji wilayani. Mgonjwa akigundulika kituoni, taarifa hutumwa kwa simu. Ofisa anapanda pikipiki, iwe ni vichochoro vya Mji Mkongwe au Makunduchi, anafika nyumbani kwa mgonjwa. Anapima wanafamilia, anauliza nani alisafiri, anaangalia vyandarua. Tangu 2012, taarifa hizo huingizwa kwenye mfumo wa kidijitali uitwao Coconut Surveillance.

Ofisa huyu hana amri juu ya mtu yeyote. Ni lazima ashawishi. Na hapo ndipo uongozi unapoanza.

Ujuzi unaohitajika

- Kusoma takwimu na kuamua. Wagonjwa watatu shehia moja kwa wiki wanasema nini? Anayesubiri ripoti ya mwezi amechelewa.
- Kuzungumza na watu. Bila ya sheha, milango mingine haifunguki.
- Kusema ukweli kwa wakubwa. Namba mbaya zisifichwe.
- Kulea wengine. Ujuzi ukibaki kwa mtu mmoja, akihama unahama naye.

Pa kujifunzia

Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar (SUZA) kinafundisha wataalamu wa afya Mbweni, Unguja. Kwa uchunguzi wa milipuko, upo mpango wa kitaifa wa mafunzo ya epidemiolojia na maabara, TFELTP, ulioanza 2008. Ngazi yake ya juu ni shahada ya uzamili ya miaka miwili, ikishirikisha Chuo Kikuu cha Muhimbili. Sehemu kubwa ya muda mwanafunzi yuko kazini: anafuatilia mlipuko halisi, anaandika ripoti, anaitetea mbele ya wenzake.

Lakini skuli kubwa zaidi ni kazi yenyewe, pale bosi anapomwachia kijana aongoze kikao na kufanya uamuzi, huku akimsimamia.

Mtihani bado upo

Kuanzia mwishoni mwa 2023 wagonjwa wa malaria waliongezeka tena Zanzibar, ishara kwamba ushindi unaweza kuponyoka. Kipimo cha kiongozi wa afya ni chepesi kukisema: akihamishwa Ijumaa, Jumatatu pikipiki iwe barabarani kama kawaida.