Peugeot 404 na Datsun 1600 katika Barabara ya Tunduma

Wale wa bweni letu watakumbuka ubishi uliozimisha taa nyingi: kati ya Peugeot 404 na Datsun 1600SSS, gari lipi ni bora? Nakiri mapema kwamba sikuwa hakimu wa haki. Marehemu mjomba wangu alikuwa na 404 ya stesheni, yenye safu tatu za viti, akichukua abiria kati ya Tunduma na Mbeya. Viatu vyangu, nauli yangu na sanduku langu la bweni vilitoka katika gari hilo.

Tuanze na karatasi. Injini zililingana: 404 ilikuwa na sentimita za ujazo 1618, Datsun 1595. Lakini 404 ya kabureta moja, iliyotoka mwaka 1960, ilianza na nguvu za farasi 72, na Datsun ya kabureta mbili ilitangazwa kwa 109. Datsun ilikuwa nyepesi, chini ya kilo 1,000, na kila gurudumu la nyuma lilicheza peke yake. Ekseli ya nyuma ya 404 ilikuwa nzima, ya kizamani. Kwa karatasi, basi, mjomba alikwisha shindwa.

Barabara ndiyo iliyokataa. Baada ya walowezi wa Rhodesia kujitangazia uhuru Novemba 1965, mafuta ya Zambia yalianza kupita kwetu kwa malori, usiku na mchana, na njia ya udongo ikageuka matuta na mashimo. Hapo urefu wa 404, sentimita 265 kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma dhidi ya 242 za Datsun, pamoja na springi zake laini, ulimfanya abiria afike Mbeya na mgongo wake. Mjomba alisema gari hilo huogelea. Mimi niliyekaa safu ya tatu, katikati ya magunia ya kahawa ya Mbozi, naomba kutofautiana naye kidogo.

Mashindano ya Safari yalimpa mjomba ushahidi. 404 ilishinda 1963, 1966, 1967 na 1968. Mara mbili za katikati dereva alikuwa Bert Shankland, mkazi wa Dar es Salaam, naye Chris Rothwell kando yake. Tulijivuna kana kwamba ametoka Vwawa. Mwaka 1963 na 1968 yalimaliza magari 7 tu. Lakini mwaka 1970 Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda kwa Datsun 1600SSS, katika njia mbaya zile zile. Wiki hiyo mjomba hakugusa redio.

Vijana mlioko shuleni leo, mnaopita Tunduma kwa lami katika mkoa uliozaliwa mwaka 2016, hamwezi kuona tulichokuwa tukibishania. Lami ilipokamilika mwanzoni mwa miaka ya 1970, ulaini wa 404 haukuwa na kazi tena. Mabasi yalichukua abiria, na aliyekuwa na haraka alitafuta gari jepesi. Mjomba aliuza 404 yake nikiwa kidato cha nne. Fedha zile zilininunulia godoro na suruali mbili za kaki, nami sikumwuliza amemwuzia nani.

Miaka mingi baadaye nilinunua gari langu la kwanza, kuukuu. Lilikuwa Datsun. Mjomba alilizunguka mara mbili, akapiga teke gurudumu, kisha akaomba nimpeleke Mlowo.