Kamaru, gitaa na mambo ya nyumbani

Waulize wazee wa Kerugoya, huko Kirinyaga, ni wimbo gani wa Joseph Kamaru unaoshinda nyingine zote, na jioni nzima itaishia hapo. Mmoja atang'ang'ana na "Celina". Mwingine atasema hakuna kama "Charia Ungi". Mwalimu mstaafu atataja "Ndari ya Mwarimu" kwa sauti ya chini, na mzee wa kanisa atashikilia kwamba Kamaru wa maana ni yule wa baada ya kuokoka. Kisha watamzungumzia mwenyewe. Hapo utadhani wanazungumzia mjomba wao aliyehamia Nairobi, akafanikiwa, akakosana na wakubwa, akarudi kanisani, akazeeka, akaugua.

Kamaru hakuwa mtu wa Kirinyaga. Alizaliwa mwaka 1939 huko Kangema, Murang'a, ng'ambo ya Mto Sagana, kwenye miteremko ya Nyandarua na si ya Mlima Kenya. Hata Kikuyu chake ni cha Murang'a, si kile cha Ndia na Gichugu ambacho masikio ya wenyeji hukitambua mara moja. Lakini muziki ulivuka mto kwa urahisi. Mwaka 1963 Ndia na Gichugu zilimegwa kutoka Embu zikawa wilaya ya Kirinyaga, na Kerugoya ikawa makao yake makuu. Mji ukapata makarani, walimu, wauguzi na maduka. Wakulima wa kahawa walipolipwa na vyama vyao, redio ilikuwa miongoni mwa vitu vya kwanza kununuliwa, na aliyejiweza zaidi alinunua santuri. Kamaru alianza kazi ya muziki katika miaka hiyo hiyo, mwaka 1965.

Ili kumwelewa, turudi nyuma kidogo. Serikali ya kikoloni ilipotangaza hali ya hatari Oktoba 1952, Kamaru alikuwa kijana wa miaka kumi na mitatu hivi. Kuanzia mwaka 1954 familia za Wakikuyu, Waembu na Wameru zilitolewa kwenye maboma yao na kusongamanishwa katika vijiji vilivyozungushiwa mitaro na kulindwa na askari. Wanaume wengi walikuwa msituni au kizuizini, na huko Mwea kambi zilijaa wafungwa. Nyumba nyingi zilibaki na mama na watoto tu. Zile jioni ambazo babu aliketi na wajukuu akawafunza methali, adabu za wakwe, na namna ya kuposa na kujibu posa, zilikatika kwa miaka mingi.

Mimi naamini kwamba kazi kubwa ya Kamaru ilikuwa kuzirudisha jioni hizo. Nyimbo zake nyingi zimejengwa juu ya methali za Kikuyu, na mada zake ni za nyumbani: uchumba, ndoa, wakwe, mke aliyechoka, mume asiyesema kweli, bibi harusi aliyeingia na mikosi. "Tiga Kuhenia Igoti" inamwonya mtu asidanganye mahakama. Kijana aliyekulia kwenye kijiji cha mitaro, bila babu wa kumkalisha chini, aliyasikia mambo hayo kwenye sahani ya santuri.

Gitaa lenyewe alilipata kwa jasho la nyumba za watu. Alifika Nairobi mwaka 1957, wakati hali ya hatari ilikuwa bado haijaondolewa na Mkikuyu asiye na vibali vyake hakuwa salama jijini. Alifanya kazi za ndani, kufua, kupiga deki na kufagia, na kutokana na mshahara huo akanunua gitaa. Wakati huo chombo hicho kilikuwa tayari na sifa yake Afrika Mashariki. Fundi Konde wa Pwani alikuwa ameimba tangu siku za vita vya pili vya dunia, na mtindo wa vidole wa Jean Bosco Mwenda wa Katanga ulikuwa umefika hadi magharibi mwa Kenya, kwa kina George Mukabi. Kwa Wakikuyu, chombo kilichotamba kilikuwa kodiani, ikiandamana na mlio wa chuma cha karing'aring'a katika ngoma ya mwomboko. Kamaru alizishika mila zote mbili, maana kodiani pia aliijua vizuri, pamoja na kinanda na ngoma.

Jina lake lilivuma mwaka 1967 kwa "Celina", aliyoimba na dada yake, Catherine Muthoni. Hapo ndipo mapenzi yangu kwa Kamaru yalipo. Kaka na dada wakiimba pamoja hawalazimiki kutafutana sauti. Zimelelewa kwenye nyumba moja, zinajua zitakutana wapi. Kamaru anasema, Muthoni anajibu, na gitaa linawafuata wote wawili kama mtu wa tatu kwenye mazungumzo, likirudia mwisho wa kila kauli kabla ya kuwaachia tena nafasi. Kamaru aliimba na wengi baadaye, akaongoza bendi kubwa iliyoitwa Kamaru Super Stars, lakini sijasikia popote alipofanana na nafsi yake kama anapoimba na Muthoni.

Kwa vijana wasioijua santuri, sahani zile ndogo zilizunguka mara 45 kwa dakika na kila upande ulibeba dakika chache tu. Kwa hiyo wimbo mmoja uligawanywa, sehemu ya kwanza upande wa A na sehemu ya pili upande wa B. Upande wa kwanza ulikuwa wa maneno: kisa kilielezwa, mshitaki na mshitakiwa wakajulikana. Sindano ikainuliwa, sahani ikapinduliwa, na upande wa pili magitaa yakaachiwa uwanja, solo ikapanda, besi ikakaza, watu wakasimama. Wapenzi wa Kamaru walijifunza kusubiri. Walisikiliza kwanza, wakacheza baadaye, na katikati palikuwa na kimya kidogo cha mtu kugeuza sahani, ambapo wasikilizaji walianza kubishana nani ana makosa kwenye kisa kile.

Ubishi mkubwa zaidi uliletwa na "Ndari ya Mwarimu", mpenzi wa mwalimu. Wimbo huo uligusa uhusiano wa mwalimu na mwanafunzi wake. Walimu walichukia, chama chao kikatishia mgomo, na jambo likafika kwa Rais Jomo Kenyatta. Fikiria maana yake katika mji wa shule kama Kerugoya, ambako mwalimu alikuwa mtu wa kuamkiwa kwa heshima barabarani na binti alipelekwa shule kwa fedha za kahawa iliyochumwa na mama yake. Kila mzazi alijua jambo hilo lipo. Kulisema hadharani, kwa jina lake, na gitaa likicheza nyuma, ndiko kulikokuwa kupya. Nadhani ndiyo sababu akina mama walimpenda Kamaru hata pale wanaume walipomlaumu.

Kisha ikaja Machi 1975. Josiah Mwangi Kariuki, mbunge aliyewahi kukaa kizuizini wakati wa hali ya hatari na kuandika kitabu juu yake, alitoweka Nairobi tarehe 2 na mwili wake ukapatikana vilima vya Ngong. Kamaru, ambaye hadi hapo alikuwa karibu na Kenyatta, alitoa wimbo wa kulaani mauaji hayo. Urafiki ukakatika. Kwa watu wa milimani wimbo huo ulikuwa kilio cha matanga kwa mtu ambaye wengi hawakuweza kumlilia kwa sauti. Ulijibu uchungu uliokuwa tayari ndani ya nyumba, na ulinunuliwa na watu waliojua kwamba kuwa nao kunaweza kuwaletea taabu.

Miaka ya Rais Moi nitaipita haraka. Mwaka 1980 Kamaru alikwenda Japan kwenye msafara wa rais, na aliporudi akatoa "Safari ya Japan" ya kumsifu. Wimbo huo una midundo mizuri. Mimi nausikia kama wimbo wa mgeni anayeshukuru chakula. Mwishoni mwa miaka ya 1980 alikuwa upande wa wanaotaka vyama vingi, na uhusiano huo nao ukavunjika. Mwaka 1990, polisi walipokuwa wakizisaka kaseti za Kikuyu zenye siasa, kila abiria wa matatu ya Karatina au Sagana alijua kaseti ipi ya kuzima mkikaribia kizuizi cha barabarani.

Mwaka 1993 ndio uliowagawa mashabiki hadi leo. Kamaru alitangaza kwamba ameokoka. Aliivunja Kamaru Super Stars, akaunda kundi la injili liitwalo Kamaru Celebrations, na akaanza kuhubiri. Katika miaka ya 1980 alikuwa amepiga maonyesho ya usiku ya watu wazima pekee, yenye maneno ambayo mtu hangeweza kuyarudia mbele ya wakwe. Sasa alisimama kanisani. Mauzo yake yalishuka. Walevi walisema wameachwa yatima, washirika wa kanisa wakasema mwana mpotevu amerudi, na kuna nyumba ambazo mume alizificha sahani za zamani ili mke asizichome. Simlaumu Kamaru. Mtu aliyeimba juu ya dhamiri za wengine kwa karibu miaka thelathini ana haki ya kuisikiliza yake.

Nafasi aliyoiacha kwenye baa ilichukuliwa na vijana wa mugithi, ambao mmoja wao akiwa na gitaa lake na kipaza sauti huchezesha ukumbi mzima, watu wakishikana viuno na kuzunguka kama mabehewa ya treni. Huko Kerugoya, Kutus na Kagio bado mwanamuziki wa namna hiyo hatamaliza usiku bila Kamaru. Jambo linalowashangaza wageni ni kwamba hatamaliza pia bila muziki wa kantri wa Marekani. Jim Reeves alikufa kwenye ajali ya ndege Julai 31, 1964, na bado anaombwa kwa jina. Don Williams alizaliwa Texas mwaka 1939, mwaka ule ule wa Kamaru, akafariki Septemba 2017, mwaka mmoja kabla yake. Wanaompenda husema jambo moja juu yake kila mara: kwamba alikuwa mtu wa nyumbani, aliyeishi na mkewe Joy tangu walipooana mwaka 1960 na aliyependa shamba lake kuliko makelele ya umaarufu. Watu wa mlimani humpima mwanamuziki hivyo. Wanataka kujua anaimba nini, kisha wanataka kujua anarudi wapi baada ya kuimba.

Kamaru alikuwa na maduka mawili ya muziki Nairobi, na watu waliotoka Kirinyaga kwenda jijini kwa shughuli zao waliweza kumpata hapo, nyuma ya kaunta, wakaongea naye. Inasemekana aliuza sahani zipatazo nusu milioni maishani mwake. Kama ungekuwa muziki wa nchi nyingine, idadi hiyo ingempa uzee wa raha. Lakini kaseti zilipoingia, mtu yeyote mwenye mashine mbili aliweza kuurudufu wimbo na kuuza nakala, na waliorudufu walikuwa wengi kuliko walionunua. Aliyeandika methali za jamii nzima kwa nyuzi zake hakulipwa ipasavyo, na mimi naliona hilo kuwa deni.

Alifariki tarehe 3 Oktoba 2018 katika Hospitali ya MP Shah, Nairobi, akiwa na umri wa miaka 79. Kwa muda alikuwa akiugua Parkinson, ugonjwa unaotetemesha mikono na kuinyima utii. Mpiga gitaa yeyote anaelewa ukatili wake. Redio za Kikuyu zilimlilia siku nzima, na katika miji ya mlimani nyimbo zake zilisikika kutoka vinyozi, hoteli na matatu.

Muziki umebaki ndani ya familia. Mjukuu wake, anayeitwa Joseph Kamaru vilevile, alizaliwa Nairobi mwaka 1997, akasomea muziki Chuo Kikuu cha Kenyatta, na sasa anaishi Berlin ambako anajulikana kwa jina la KMRU. Hapigi benga, mtindo wa gitaa wa babu yake. Hurekodi sauti za mazingira, mvua, barabara, mashine, na kuzifuma kuwa muziki mpole usio na mashairi. Albamu yake "Peel" ya mwaka 2020 ilimtambulisha duniani. Wengi wa mashabiki wa babu yake hawangeitambua kuwa muziki. Lakini ndiye aliyechukua jukumu la kuzikusanya rekodi za mzee, kuzisafisha na kuzitoa upya kwenye intaneti. Waliozikosa kwenye santuri wanazipata sasa kwenye simu, na wapo wasikilizaji wa Ulaya wanaomfahamu Kamaru wa Kangema kupitia kwa mjukuu.

Bado kuna mengi ya kukusanya. Lebo za sahani zile ziliandika jina la kiongozi na la wimbo, mara chache majina ya waliopiga besi na rithimu au ya wanawake walioitikia. Majina hayo yamo vichwani mwa watu ambao sasa wana miaka sabini na zaidi. Sahani zenyewe zimo chini ya vitanda na juu ya kabati huko Kerugoya, Kagumo, Baricho na Kianyaga, zimejaa vumbi, nyingine zimepindwa na joto la bati. Mwenye nazo asizitupe na asiziuze kwa kilo. Afute vumbi kwa kitambaa laini, azisimamishe wima badala ya kuzilaza, aandike nyuma ya bahasha jina la aliyezinunua na mwaka kama anaukumbuka, kisha amwite mjukuu mwenye simu amrekodi akisimulia nani alikuwa akiimba.