Historia ya Kasoro Katika Kiini cha Kompyuta

Hapana chombo kilichoundwa kwa mkono wa mwanadamu kisichokuwa na kasoro. Jahazi huvuja, saa hukawia, na gari la moshi huishiwa na nguvu penye mlima. Fundi hodari hutambulikana kwa jambo moja: huweka mapema ndani ya chombo chake njia ya kujua kimeharibika wapi. Magari ya moshi yaliyopita Kajiado kwenda Magadi katika siku za mvuke yalikuwa na kipimo mbele ya macho ya dereva, ili ajue hali ya tanuri kabla halijapasuka. Kipimo hicho hakikuvuta hata behewa moja. Walakini hapakuwa na dereva mwenye akili ambaye angekubali kuondoka stesheni bila ya kipimo hicho.

Insha hii yaeleza namna mafundi wa kompyuta walivyojifunza kuweka vipimo vya jinsi hiyo ndani ya kazi yao, na hasa ndani ya sehemu ile iitwayo kiini. Ni habari ya miaka michache kuliko historia ya reli, lakini inatuhusu sisi tuishio katika nyanda hizi, tangu Laiser Hill hata Kitengela, kama inavyowahusu watu wa Ulaya na Marekani.

Kwanza yatupasa kujua kiini ni nini. Kompyuta yoyote, iwe kubwa ya ofisini au simu ya mkononi, huendeshwa na programu nyingi. Moja katika hizo ni kuu kuliko zote. Hiyo hugawa kumbukumbu ya mashine baina ya programu nyingine, huamua ni ipi itumie ubongo wa mashine na kwa muda gani, na huzungumza na kioo, vitufe, na mitambo ya mawasiliano. Programu hiyo ndiyo kiini cha mfumo endeshi. Programu ya kawaida ikikosea, hufa peke yake na nyingine huendelea. Kiini kikikosea, aghalabu mashine nzima husimama kama mtu aliyepigwa na radi, wala haisemi ni nini kilichoipata. Hiyo ndiyo shida iliyowasumbua mafundi tangu mwanzo.

Katika lugha ya Kiingereza kasoro ya mashine huitwa mdudu. Neno hilo ni la zamani kuliko kompyuta zenyewe, kwa maana Thomas Edison alilitumia katika barua mwaka 1878 alipokuwa akieleza matatizo madogo madogo ya uvumbuzi wake. Baadaye lilipata kisa chake mashuhuri. Tarehe 9 Septemba 1947 mafundi wa mashine iliyoitwa Mark II, katika Chuo Kikuu cha Harvard, walimkuta nondo amenaswa ndani ya swichi ya umeme. Wakamtoa, wakambandika katika daftari la kazi, na chini yake wakaandika kwa mzaha kwamba hii ni mara ya kwanza kwa mdudu wa kweli kuonekana. Grace Hopper, aliyekuwa mmoja wa wataalamu wa mashine hiyo, alipenda kukisimulia kisa hicho kwa miaka mingi. Msomaji aangalie vema: nondo alijulikana kwa sababu watu wale walikuwa na daftari, na kila walilolifanya waliliandika pamoja na saa yake.

Miaka miwili baadaye, mwaka 1949, Maurice Wilkes alikuwa akiiendesha mashine ya EDSAC huko Cambridge, Uingereza. Alieleza katika kumbukumbu zake kwamba siku moja alitambua, kwa mshangao, kuwa sehemu kubwa ya maisha yake yaliyobaki itapita katika kutafuta makosa ndani ya programu zake mwenyewe. Hadi hapo watu wengi walidhani kwamba kuandika programu ni jambo gumu, na kwamba ikishaandikwa itafanya kazi. Kumbe kazi iliyo kubwa huanza baada ya kuandika.

Sasa tuje katika kiini kinachotumika zaidi ulimwenguni leo. Tarehe 25 Agosti 1991 mwanafunzi mmoja wa Chuo Kikuu cha Helsinki, nchini Finland, jina lake Linus Torvalds, mwenye umri wa miaka 21, alitangaza kwamba anaandika mfumo endeshi kwa kujifurahisha. Kiini chake kiliitwa Linux. Toleo la kwanza la mwezi Septemba mwaka ule lilikuwa na mistari ipatayo 10,000 ya maandiko. Machi 1994 lilipotoka toleo la 1.0 mistari ilikuwa imefika 176,250. Leo imezidi milioni 30, nayo imeandikwa na maelfu ya watu wa mataifa mbalimbali, ambao wengi wao hawajapata kuonana.

Katika kiini kile cha mwanzo njia ya kutafuta kasoro ilikuwa moja tu, na ilikuwa nyepesi. Mwandishi aliweka ndani ya maandiko yake amri iitwayo printk, ambayo huandika ujumbe: nimefika hapa, hesabu ni hii, nimeshindwa pale. Ni sawa na mchungaji anayepiga ukelele kutoka bonde hadi bonde ili wa nyumbani wajue alipo. Njia hiyo ingali inatumika, wala hapana fundi anayeidharau. Lakini kundi likiwa kubwa, ukelele peke yake hautoshi.

Kiini kilipokua, ilibidi anayekijenga achague sehemu azitakazo. Maandiko ya kiini hutafsiriwa kwanza kuwa lugha ya mashine, na kabla ya kutafsiriwa fundi hujibu maswali mengi: Je, mashine yako ina kitu hiki? Wataka sehemu ile? Jibu huwa ndiyo, au hapana, au iwe kipande cha kupachikwa baadaye. Majibu yote huwekwa katika faili moja. Mwishoni mwa mwaka 2002 utaratibu wa maswali hayo uliandikwa upya na Roman Zippel, na huo ndio unaotumika hata sasa. Miongoni mwa maswali hayo limo fungu zima linalohusu kusaka kasoro, na hapo ndipo busara ya fundi hupimwa.

Swali la kwanza, liitwalo CONFIG_DEBUG_KERNEL, ni mlango tu: ukijibu ndiyo, maswali mengine mengi ya jamii yake hufunguka. Lipo CONFIG_DEBUG_INFO, ambalo hukiambatanisha kiini na ramani ya maandiko yake, hata kiangukapo fundi aweze kujua kilikuwa katika mstari upi. Ramani hiyo haikipunguzii mwendo, bali huongeza sana ukubwa wa mafaili na muda wa kukijenga. Lipo pia CONFIG_MAGIC_SYSRQ, ambalo humwezesha mtu kubonyeza vitufe maalum na kusema na kiini hata wakati kioo kimeganda: aandike yaliyomo katika diski kwa usalama, au aiwashe mashine upya.

Mengine yana kazi ya ulinzi. Fikiri juu ya wachungaji wawili kisimani wakati wa kiangazi. Mmoja ameshika kamba anangoja ndoo. Wa pili ameshika ndoo anangoja kamba. Wala hakuna atakayeachia. Ng'ombe watakufa kwa kiu ilhali maji yapo. Jambo kama hilo hutokea ndani ya kiini, sehemu mbili zinapongojana milele. Mwaka 2006 Ingo Molnár aliingiza mlinzi aitwaye lockdep, ambaye hukumbuka nani hushika nini kwanza, na hutoa onyo mara aonapo mpangilio unaoweza kuleta kukwama, hata kama siku hiyo hakuna aliyekwama.

Mfano mwingine ni wa mashamba. Ardhi ya Kitengela imekatwa viwanja vingi, na jiwe la mpaka likiondolewa, mtu aweza kujenga ukuta katika kiwanja cha jirani pasipo kujua. Ugomvi hauji siku ya kujenga. Huja miaka baadaye. Kumbukumbu ya kompyuta nayo ina mipaka, na kiini kikiandika nje ya mpaka wake, madhara huonekana mahali pengine kabisa na wakati mwingine. Mwaka 2015 toleo la 4.0 liliingiza mlinzi wa mipaka aitwaye KASAN, kazi ya Andrey Ryabinin. Huyu huthibitisha kila hatua dhidi ya mpaka, na humshika mkosaji papo hapo. Lakini ulinzi wake una gharama: huchukua sehemu moja katika nane ya kumbukumbu kwa ajili ya kuandika mipaka, na mashine hupungua mwendo waziwazi.

Gharama hiyo ndiyo iliyozusha mabishano makubwa. Mwezi Septemba mwaka 2000 Torvalds alikataa katakata kuweka ndani ya Linux chombo cha kukisimamisha kiini na kukichungulia hatua kwa hatua. Hoja yake ilikuwa kwamba chombo hicho huwazoeza watu uvivu: wataiona dalili, wataifunika, na kuendelea, badala ya kusoma maandiko kwa utulivu hata waelewe chanzo. Wapinzani wake walisema kwamba si kila mtu ana muda na kipaji cha kukisoma kiini kizima, na kwamba mwenye kampuni inayopoteza fedha kila saa hawezi kuambiwa akae atafakari. Pande zote mbili zilikuwa na sehemu ya haki. Miaka minane ilipita. Mwaka 2008, katika toleo la 2.6.26, chombo kiitwacho kgdb kiliingizwa, lakini kama jambo la hiari: atakaye akijibie ndiyo, asiyetaka akijibie hapana. Hivyo mabishano ya watu wengi yakageuka kuwa swali moja katika orodha, na kila mjenzi akaachiwa uamuzi wake.

Wenye hekima wamepata njia ya kati. Hujenga viini viwili kutokana na maandiko yale yale. Kimoja kimejaa walinzi wote, nacho hutumika kwa majaribio. Cha pili ni chepesi, nacho hupewa watu kwa kazi za kila siku. Mfumo wa Fedora, mathalani, umekuwa ukivitoa viini vya namna zote mbili. Hata kile chepesi hakiachwi uchi: huachiwa printk, na aghalabu vile vitufe vya dharura. Kuondoa kila kipimo ili kupata mwendo kidogo ni kama kuwavua ng'ombe kengele ili watembee wepesi. Usiku ukiingia, mwenye mifugo hana la kusikiliza.

Je, habari hizi zinatuhusuje? Katika Afrika ya Mashariki mafundi walianza mapema kujifunza mifumo ambayo maandiko yake yako wazi. Warsha za umoja wa wahandisi wa mitandao wa Afrika, AfNOG, zilifanyika Kampala mwaka 2003 na Nairobi mwaka 2006, nazo zilifundisha kwa FreeBSD, ndugu wa Linux katika uwazi. Mwaka 2004, kutokana na mradi wa Kilinux katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ilitoka Jambo OpenOffice, programu ya ofisini yenye maneno ya Kiswahili. Kisha ukaja wakati wa simu. M-Pesa ilianza Machi 2007, na mwaka 2011 simu ya IDEOS ya kampuni ya Huawei iliuzwa Kenya kwa bei isiyofika shilingi 10,000. Ilitumia mfumo wa Android, ambao kiini chake ni Linux. Tangu hapo kiini kile cha mwanafunzi wa Helsinki kimekaa katika mifuko ya wachuuzi wa Kitengela na wafugaji wa Kajiado.

Lakini zipo namna mbili za kuwa na kitu. Simu huja na kiini kilichokwisha kujengwa mbali, maswali yote yamekwisha kujibiwa na watu wengine, na fungu la kusaka kasoro karibu lote limefungwa. Ikiganda mnunuzi anapolipwa mbuzi wake sokoni, hana namna ya kuiuliza imepatwa na nini. Aliyejifunza kukijenga kiini mwenyewe, hata juu ya kompyuta kuukuu ya shuleni, yu katika hali nyingine. Yeye aweza kuuliza na kujibiwa.

Kwa hiyo mwanafunzi atakaye kuanza na aanze kwa kusoma kabla ya kubadili. Katika kompyuta nyingi za Linux, ndani ya saraka iitwayo boot, limo faili la majibu ya kiini chake. Alifungue aone wajenzi walisema ndiyo wapi na hapana wapi. Kisha afungue swali moja la kusaka kasoro kwa mara moja, ajenge, apime mwendo, na aandike katika daftari tarehe, alilobadili na alilolipata. Akifungua kumi kwa pamoja na mashine ikakataa kuwaka, atakuwa ameongeza kasoro ya kumi na moja. Wale wa mwaka 1947 walikuwa na mashine iliyojaza chumba, nayo haikuwazidi nguvu, kwa sababu daftari lilikuwa mezani na kila mmoja wao alikuwa tayari kuandika ndani yake.